Nani Anapanda Jukwaani Lodwar na Kakuma? Mwongozo wa Mwaka Mzima

Watu wa Pwani waliopelekwa Turkana na riziki si haba. Kuna walimu, wauguzi, madereva wa malori yanayokwenda Lokichoggio, wahasibu wa mashirika ya misaada, na wafanyabiashara waliofuata soko. Wakipiga simu nyumbani swali lao ni lile lile: mchana ni kazi, jua likitua kuna nini? Mombasa mtu ana Little Theatre Club, ana harusi za mitaani, ana tarabu. Lamu kuna Maulidi na kuna tamasha la utamaduni. Turkana ukiipekua kwenye intaneti utapata picha za ngamia na ripoti za ukame, lakini tangazo la onyesho la Jumamosi ijayo hulioni.

Maonyesho yapo. Kinachokosekana ni bango na tiketi. Ratiba ya kule haiandikwi mahali pamoja. Imegawanyika baina ya mashirika, shule, serikali ya kaunti, makanisa, misikiti na mvua. Naam, hata mvua ina sehemu yake. Ukishaujua mwaka wao unavyokwenda, utaweza kukisia bila kuambiwa wiki gani kuna ngoma na wiki gani viti vya plastiki vimerudi stoo.

Lodwar na Kakuma si mamoja

Lodwar ndiyo makao makuu ya Kaunti ya Turkana, kando ya mto Turkwel. Wengi wetu tuliujua mji huu kwa somo moja tu la historia, kwamba Jomo Kenyatta alihamishiwa hapo kutoka Lokitaung mwaka 1959 akiwa bado chini ya ulinzi wa wakoloni. Leo ni mji wa ofisi za kaunti, hoteli, chuo kikuu kishiriki cha Turkana na bodaboda wasiohesabika. Shughuli kubwa za hadhara hufanyika Ekaales, kituo cha utamaduni cha hapo mjini, au katika uwanja wa Moi Gardens. Zile ndogo, ambazo ndizo hasa za makala haya, hufanyika katika kumbi za shule, za makanisa na nyuani mwa hoteli. Msanii wa Lodwar ni raia mwenye kitambulisho. Akialikwa Eldoret anapanda basi, na akikosa nauli hilo ni tatizo la nauli.

Kakuma iko kiasi cha kilomita 120 kaskazini magharibi, kwenye barabara hiyo hiyo inayoelekea mpaka wa Sudan Kusini. Ulikuwa mji mdogo wa Waturkana kabla ya kambi. Mwaka 1992 walifika maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu wakikimbia vita, na kambi ikafunguliwa kwa ajili yao. Baadaye wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waganda. Kambi ikagawanywa Kakuma 1 hadi Kakuma 4, na mwaka 2016 ukafunguliwa mtaa mpya wa Kalobeyei, jirani, uliopangwa wakimbizi na wenyeji watumie shule, zahanati na soko moja. Ukiwajumlisha wa Kakuma na Kalobeyei wanakaribia laki tatu. Kwa kulinganisha, sensa ya 2019 iliwahesabu watu 926,976 katika Turkana nzima.

Hapa niweke neno kuhusu jina. Utasoma katika makala nyingi za Kizungu, hata za watu wenye shahada kubwa, kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipokuwa mahali". Ulizeni Mvita, ulizeni Amu, ulizeni Pemba na Unguja; hakuna mzee aliyewahi kulisikia neno hilo kwa maana hiyo. Kusema kweli sikio la Pwani hulipokea jina la mji huu kwa kuinamisha kichwa, na sababu yake haiandikiki hapa. Ni jina la Kiturkana la mahali ambapo Waturkana walikuwepo, na wageni wamelipachika maana wanayoitaka kwa sababu inapendeza katika hotuba.

Ukiambiwa kuna onyesho katika "ukumbi" wa Kakuma, usitarajie pazia wala taa za rangi. Mara nyingi ni banda la mabati lenye mabenchi, au kituo cha vijana cha shirika fulani, au uwanja uliofagiwa ukatandikwa turubai lenye nembo ya mfadhili, na spika mbili zinazolishwa na jenereta. Upepo ukivuma vumbi huingia kwenye kipaza sauti na muigizaji hulazimika kupaza sauti kama mwadhini. Watoto hukaa chini mbele, wazee kwenye viti, kina mama pembeni, na vijana hupanda juu ya chochote kinachopandika.

Kwa nini jukwaa dogo la Kakuma lina uzito kuliko la Lodwar

Mkimbizi nchini Kenya hatoki kambini apendavyo. Lazima awe na kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi, chenye sababu ya safari na muda wake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilileta ahadi nyingi kuhusu kazi na maisha ya kujitegemea, lakini kibali bado kipo, na askari wa vizuizi vya barabarani wanajua kukiulizia.

Sasa fikiri kikundi cha ngoma cha Warundi cha watu kumi kimealikwa Lodwar, safari ya saa chache tu kwa gari. Kunahitajika vibali kumi. Wanane wakipata na wawili wakakosa, zimekosekana ngoma mbili, na ngoma za Warundi hazipigwi kwa mapengo. Ile ya katikati isipokuwepo zilizobaki hazina wa kuzifuata. Wenzao wa Lodwar wanaweza kuja Kakuma wakarudi jioni. Wao hawawezi kwenda kirahisi. Kwa hivyo lile banda la mabati, kwa wengi wao, ndilo jukwaa la pekee watakalolipanda mwaka mzima, na pengine miaka kumi. Kijana aliyezaliwa kambini mwaka 1998 akawa mshairi hana mji mwingine wa kujaribia mashairi yake.

Ndiyo maana siku ulimwengu ulipotaka kuwasikia, ulimwengu ndio uliosafiri. Tarehe 9 Juni 2018 kulifanyika hapo TEDxKakumaCamp, mkutano wa kwanza wa aina hiyo kufanyika ndani ya kambi ya wakimbizi. Walisimama wakimbizi wa hapo hapo na watu waliotokea ughaibuni, wakiwemo mshairi Emi Mahmoud, mzaliwa wa Sudan, na mwanamitindo Halima Aden, aliyezaliwa kambini humo kabla familia yake kuhamia Marekani. Ilikuwa siku kubwa. Lakini siku kubwa ya namna hiyo huacha kidogo nyuma yake. Wageni hupanda ndege, na mwezi unaofuata kikundi cha vijana bado kinatafuta mahali pa kufanyia mazoezi pasipo na jua.

Sanaa moja tu imefaulu kupita vizuizi vya barabarani, nayo ni filamu. Shirika la FilmAid, lililoanzishwa mwaka 1999 wakati wa vita vya Kosovo, limekuwa Kakuma tangu 2001. Lilianza kwa lori lenye skrini kubwa, likienda mtaa kwa mtaa na kuonyesha picha baada ya magharibi. Kisha likawafundisha vijana kushika kamera, kuandika na kuhariri, na likawa na tamasha la filamu la wakimbizi. Filamu ya dakika kumi iliyotengenezwa Kakuma inaweza kuonyeshwa Nairobi au ng'ambo huku aliyeitengeneza amekaa Kakuma 3 akisubiri kibali. Sijui kama nilitaje jambo hili kwa furaha au kwa uchungu.

Kalenda ya siku za dunia

Sehemu kubwa ya maonyesho ya Kakuma hufuata siku za kimataifa, kwa sababu iliyo wazi: siku hizo ndizo zilizo na bajeti. Mashirika huweka fedha za kuadhimisha siku, na katika kuadhimisha lazima kuwe na hotuba, ngoma na igizo. Anayeishi kule aziandike ukutani. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake. Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, inayowakumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976. Tarehe 12 Agosti, Siku ya Vijana. Kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, na katikati yake, 1 Desemba, Siku ya Ukimwi. Kipindi hicho cha mwisho wa mwaka ndicho chenye maigizo mengi kupita vyote. Kikundi kimoja kinaweza kucheza mara nne kwa wiki.

Kubwa yao ni tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, inayoadhimishwa tangu 2001. Kakuma hutaihitaji kuitafuta siku hiyo, utaisikia. Huwa na maandamano, michezo ya mpira, hotuba za maafisa, na vikundi vya kila taifa kwa zamu. Nasaha yangu kwa mgeni ni hii: asubuhi ya hotuba mwachie mwenye haja nayo. Nenda siku mbili tatu kabla, wakati wa mazoezi, au jioni baada ya magari meupe kuondoka, ngoma zinapoendelea bila mpangaji wa ratiba.

Kuna siku ya sanaa yenyewe, tarehe 27 Machi, Siku ya Maigizo Duniani, ambayo haina ugonjwa wala janga la kuzungumzia. Pengine ndiyo sababu haina mfadhili mkubwa. Kikundi kikiamua kuiadhimisha hujichangisha chenyewe, na hapo utaona watu wakicheza wanachokitaka.

Maana ni lazima tuseme ukweli juu ya maigizo ya mashirika. Baba mlevi anataka kumuoza binti wa darasa la saba. Mama analia. Mwalimu anaingia. Chifu anaingia. Baba anatubu, binti anarudi shule, watazamaji wanapiga makofi. Baada ya dakika tano kila mtu anaujua mwisho, na mtoto wa miaka minane anaweza kukusimulia. Mada ni ya kweli, na ndoa za mapema zipo Turkana na zipo kwetu Kwale na Kilifi. Kinachouchosha mchezo ni kwamba umeandikwa ili umridhishe atakayesoma ripoti. Waigizaji wenyewe wanalijua hilo. Ukitazama vizuri utaona wamejificha ndani ya mzaha. Yule baba mlevi huwa na utani kuhusu mgao wa chakula, kuhusu foleni ya maji, kuhusu karani fulani anayejulikana bila kutajwa, na hapo ndipo kicheko cha kweli kinapotoka.

Ipo namna nyingine, bora kwa maoni yangu. Mchezo husimamishwa penye utata, kabla ya toba, na mtazamaji huitwa aje achukue nafasi ya mhusika aonyeshe yeye angefanyaje. Mbrazili Augusto Boal ndiye aliyeueneza mtindo huu duniani, na vikundi vya Kenya vimekuwa vikiutumia kwa miaka mingi katika kampeni za Ukimwi, Pwani ikiwemo. Kwenye kambi yenye mataifa mengi, ni jambo la kutazamwa. Mama wa Kikongo akipanda kumjibu "mume" kwa maneno yake mwenyewe, hakuna ripoti itakayoweza kuuandika mjadala unaofuata.

Muhula wa kwanza ni wa wanafunzi

Kuanzia Januari hadi Aprili, ukitaka kuona mchezo wa kuigiza uliofanyiwa mazoezi sawasawa, nenda mashuleni. Tamasha la Drama na Filamu la Kenya hushindaniwa kwa ngazi, kutoka vituo vya chini hadi kaunti, kanda na taifa, na fainali huwa Aprili. Kuna michezo ya kuigiza, ngoma bunifu, ghani za mtu mmoja na za kundi, masimulizi na filamu fupi. Shule za kambini hushindana na shule za wenyeji kwa kanuni zile zile. Mwanafunzi mkimbizi anayevuka ngazi ya kaunti husafiri na shule yake, vibali vikiwa vimetafutwa na walimu, na kwa wengine hiyo ndiyo safari ya kwanza nje ya Turkana. Jamaa zetu walimu waliopo huko wanajua jinsi jambo hilo linavyomfanya mtoto wa darasa la nane kukariri mistari hadi usingizini.

Kwa Turkana kufika ngazi ya kanda ni gharama. Kanda ni Bonde la Ufa, na njia ni ndefu. Shule nyingi hufuzu zikabaki nyumbani kwa kukosa basi. Ulizia tarehe za mashindano ya kaunti kwa mwalimu yeyote wa lugha hapo Lodwar, uende ukawatazame, maana kwa baadhi yao hayo ndiyo yatakuwa maonyesho ya mwisho mwaka huo.

Na asikwambie mtu kwamba maigizo ya shule ni mambo ya watoto. Aprili 2025, fainali zilipokuwa Nakuru, polisi walirusha vitoa machozi na wasichana wa shule ya Butere wakakataa kucheza mchezo wao "Echoes of War", baada ya mahakama kuwa imeamuru waruhusiwe. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Waliokuwa na kumbukumbu walirudi nyuma hadi Kamĩrĩĩthũ, Limuru, 1977, wakati mchezo wa wanakijiji wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ uliponyimwa kibali, na baadaye ukumbi wao wa wazi ukabomolewa mwaka 1982. Kambini, ambako kila mchezo hupita mezani kwa shirika kabla ya kufika jukwaani, na ambako muigizaji si raia, ni rahisi kukisia kwa nini utani wa karani hausemwi kwa jina.

Kiswahili kikiwa ugenini

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliipitisha Novemba 2021 na ikaadhimishwa mara ya kwanza 2022. Sisi wa Pwani huwa na makongamano na sare. Lakini ukitaka kuona Kiswahili kikifanya kazi ya sulubu, nenda Kakuma. Msomali, Mdinka, Mrundi, Mkongo na Mturkana wakiwa kwenye benchi moja, mwigizaji ana lugha chache za kuchagua. Kiarabu cha Juba kitawafikia Wasudani Kusini. Kisomali kitawafikia Wasomali. Kiingereza kitawafikia waliosoma. Kiswahili ndicho kinachopenya kwa wengi, na pale kisipopenya husimama mkalimani pembeni, naye asipokuwa mwangalifu hugeuka mchekeshaji kuliko waigizaji.

Usiende na rula ya sarufi. Utasikia "batoto" na "aksanti" kutoka kwa watu wa Kongo, utasikia Kiswahili kilichojifunzwa darasani Kakuma na mtu ambaye nyumbani anasema Kinuer, utasikia cha Waturkana chenye mapigo yake. Tumezoea kusema Kiswahili sanifu kilizaliwa kwetu na sisi ndio waamuzi. Haya. Lakini kijana wa Kibembe aliyetunga igizo la dakika arobaini kwa Kiswahili, likafahamika na mataifa saba, ameifanyia lugha hii kitu ambacho wengi wetu hatujafanya. Kwa upande wao wanasikia kiu ya mtu wa Pwani awafundishe bahari za ushairi, vina na mizani. Mwalimu wa Kiswahili kutoka Lamu au Kwale aliye kule, akitoa saa mbili za Jumamosi katika kituo cha vijana, atakuwa ameingia kwenye ratiba bila kusubiri siku ya kimataifa.

Ngoma za wenyewe

Kalenda ya tatu haina tarehe. Waturkana wana edonga, ngoma ya kuruka na kuimba, wanaume na wanawake, ambayo kwa asili hustawi wakati wa mvua, akiporo, mifugo inaporudi karibu na maziwa kuwepo. Wakati wa kiangazi, akamu, watu wametawanyika na wanyama, na hakuna wa kucheza naye. Ukiona mwaka mkavu, kwa hivyo, usishangae mashambani kuko kimya hata kama mjini kuna spika.

Serikali ya kaunti imeikusanya ngoma hiyo na nyingine katika tamasha la Tobong'u Lore, maana yake "karibu tena nyumbani", linalofanyika Lodwar. Huwakutanisha Waturkana na jamaa zao wa lugha kutoka ng'ambo ya mipaka: Wakaramojong na Wajie wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini, Wanyangatom wa Ethiopia. Jina linagusa pia dai la Turkana kuwa ndiko nyumbani kwa binadamu wote, tangu mifupa ya kijana wa zamani sana ilipopatikana Nariokotome mwaka 1984. Tahadhari moja: halina mwezi wa kudumu. Hufuata bajeti na ratiba za wakubwa, basi usikate tiketi ya ndege kwa kukumbuka mwaka jana. Subiri tangazo la kaunti. Wanasiasa huwa wengi, jukwaa kuu huwa lao asubuhi. Ngoma nzuri utazikuta pembeni, wazee wa Karamoja wanapokutana na wa Turkana na kuanza kushindana nyimbo za ng'ombe.

Kambini kuna hazina ambayo tamasha lolote lingeililia. Ngoma za kifalme za Burundi ziliandikishwa na UNESCO mwaka 2014, na rumba ya Kongo mwaka 2021. Ajabu ni kwamba nchini Burundi kwenyewe amri ya 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo. Kuna buraanbur ya kina mama wa Kisomali, ushairi unaoimbwa harusini kwa makofi na ngoma, ambao bibi zetu wangeufahamu papo hapo bila kujua neno lake moja. Kuna Wahabeshi na mtikiso wao wa mabega, na Wadinka na miruko yao ambayo Mturkana huitazama kama mtu anayeona binamu. Haya hutokea harusini, siku za Idd, usiku wa Krismasi, na Jumapili katika makanisa ya Wakongo ambako kinanda hakizimwi. Hakuna shirika linalolipia. Ukialikwa, nenda, na usiende mikono mitupu.

Fedha na deni

Hapa ndipo pana tatizo. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mgao wa chakula Kakuma ukapunguzwa hadi watu wakaandamana. Tumbo likiwa tupu hakuna anayethubutu kuulizia bajeti ya ngoma. Ratiba iliyojengwa juu ya siku za mashirika hupungua mfadhili anapopungua, na kikundi kilichozoea kuitwa hukaa kikisubiri kuitwa.

Hata zama za neema malipo hayakuwa malipo. Mkimbizi anayefanya kazi na shirika hupewa posho iitwayo insentivu, pungufu mno ya mshahara wa Mkenya anayefanya kazi ile ile, na msanii mara nyingi alipewa soda, fulana na nauli. Picha yake ikapigwa, ikaenda kwenye ripoti na mabango ya nchi za mbali. Mtu akitaka kumtumia pesa kwa simu anakuta laini imesajiliwa kwa jina la mwingine, kwa kuwa nyaraka za mkimbizi zimekuwa zikimtatiza kila dirisha la huduma. Wenyeji nao wana lao. Kijana wa Kiturkana wa Kakuma mjini ameona kwa miaka mingi mafunzo ya muziki na kamera yakitolewa upande wa pili wa laga, kwa watu waliokuja kwao. Kalobeyei ilikusudiwa kuliondoa jambo hilo. Mahali palipofanikiwa ni pale vikundi vilipochanganywa tangu mazoezi. Palipofeli ni pale wenyeji walipoitwa siku ya mwisho kuja kuruka edonga mbele ya wageni kisha wakaambiwa asanteni.

Kwa hiyo mtazamaji anayelipa shilingi mia kwa hiari, au anayemualika mwanakikundi mmoja kuimba harusini kwa malipo ya kweli, ana maana kubwa kwa sasa kuliko mwaka 2018.

Namna ya kupata habari na kufika

Redio ndiyo bango. Lodwar kuna Radio Akicha ya Dayosisi ya Katoliki. Kakuma kuna Ata Nayeche, iliyopewa jina la bibi Nayeche, ambaye masimulizi yanasema alimfuata fahali aliyepotea kutoka nchi ya Wajie akiteremka bonde la Tarach hadi akaifikia nchi ambayo watu wake wakawa Waturkana. Matangazo ya shughuli hutoka kwa Kiturkana na Kiswahili. Baada ya redio, waulize wenye vibanda vya video, maana wao ndio hukodishwa spika. Na gazeti la wakimbizi wenyewe, Kanere, linaloandikwa tangu 2008, huandika ya kambini kwa macho ya kambini.

Mji wa Kakuma uko wazi kwa yeyote. Kuingia kambini kama mgeni ni lazima upate ruhusa ya ofisi ya Idara ya Huduma za Wakimbizi iliyopo hapo, na ukitaka kupiga picha au kurekodi sema mapema. Ruhusa ya ofisi haitoshi: muombe mchezaji mwenyewe. Wapo waliokimbia watu, na uso wao kwenye simu yako unaweza kufika wasikotaka.

Joto la Lodwar na Kakuma hupita nyuzi 35 mchana, basi tangazo la saa nane maana yake ni saa kumi, na la saa kumi maana yake ni karibu na magharibi. Waislamu wasihofu, misikiti ipo miji yote miwili, na kambini adhana husikika hadi uwanjani. Vikundi vingi husimama ikisomwa. Mwezi wa Ramadhani shughuli za mchana hupungua na usiku huanza kuchelewa.

Kutoka Pwani njia ya kawaida ni Nairobi, kisha Eldoret au Kitale, kisha basi la kuteremka Lodwar kupitia Kainuk. Ulizia hali ya usalama ya kipande hicho kabla ya kukata tiketi. Ndege ndogo za Nairobi hutua Lodwar. Kutoka Lodwar hadi Kakuma kuna magari kutwa. Na mvua ikinyesha milimani upande wa Uganda, laga ya Tarach inaweza kujaa Kakuma kukiwa na jua kali. Ukiwa ng'ambo onyesho likiisha na maji yameshuka, hakuna bodaboda wa kukuvusha. Beba shuka.